Limfoma ya Burkitt, Mkoa wa Mara na Probu Zinazong'aa

Limfoma ya Burkitt ni saratani ya seli nyeupe za damu za aina ya B, zile zinazotengeneza kingamwili. Huwapata zaidi watoto, hasa wa umri wa miaka minne hadi saba, na wavulana huugua zaidi kuliko wasichana. Katika nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria huanza mara nyingi kwenye taya: jino la mtoto hutikisika kabla ya wakati wake, fizi huvimba, kisha shavu. Kwa watoto wengine uvimbe hujitokeza tumboni. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote, kwa kuwa wingi wa seli zake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48. Hata hivyo, ikitambuliwa mapema na kutibiwa kwa dawa kikamilifu, ni saratani inayopona.

Chanzo chake kimo ndani ya kiini cha seli. Kipande cha kromosomu namba 8 hukatika na kuhamia mahali pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu namba 14, na jeni inayoihimiza seli kugawanyika hubaki imewaka bila kizuizi. Leo mpasuko huo huonekana kwa probu, yaani vipande vya DNA vilivyotiwa rangi inayong'aa, ambavyo hunata mahali mahususi kwenye kromosomu na kuonekana kama nukta za rangi chini ya hadubini. Mbinu hiyo ilikamilishwa katika maabara za Ulaya na Marekani, lakini ugonjwa uliosaidia kuonyesha thamani yake ulichunguzwa kwanza Afrika Mashariki, na sehemu moja ya uchunguzi huo ilifanyika katika vijiji vya Mkoa wa Mara.

Kutoka Mengo hadi Mulago

Uvimbe wa taya kwa watoto ulijulikana Uganda muda mrefu kabla haujapewa jina. Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliacha kumbukumbu na michoro ya wagonjwa wa namna hiyo. Kila daktari alimwona mtoto mmoja hapa na mwingine pale, akaandika alichokiona kwa jina la saratani aliyoizoea, na hakuna aliyeunganisha habari hizo.

Mwaka 1957 daktari Hugh Trowell wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt, mzaliwa wa Enniskillen huko Ireland, alikuwa Uganda tangu mwaka 1946 na alianzia kazi Lira. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alimwona mtoto wa kike mwenye uvimbe wa namna ileile, na tumbo lake nalo lilikuwa na uvimbe. Aliporudi Kampala alipekua mafaili ya wagonjwa na ripoti za uchunguzi wa maiti, akakuta kwamba uvimbe wa taya, wa figo, wa ovari na wa ini kwa watoto ulikuwa ukienda pamoja. Mwaka 1958 alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu saratani ya taya kwa watoto wa Kiafrika katika jarida la upasuaji la Uingereza.

Wanapatholojia wa Kampala ndio waliosema ugonjwa wenyewe ni nini. Jack Davies, aliyesimamia rejista ya saratani ya Kampala, pamoja na Greg O'Conor, walionyesha kwamba hizo zote zilikuwa limfoma. Denis Wright aliyefuata akaeleza sura yake chini ya hadubini: seli nyingi za rangi nzito zilizobanana, na katikati yake seli kubwa nyeupe zinazokula mabaki ya zilizokufa, mfano wa nyota angani usiku. Sura hiyo bado ni dalili ya kwanza anayoitafuta mwanapatholojia.

Ramani ya joto na mvua

Swali lililofuata lilihusu mahali. Burkitt alipeleka vipeperushi vyenye picha za wagonjwa kwenye hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akauliza kama madaktari wake wamewahi kuuona ugonjwa huo. Majibu yalipowekwa kwenye ramani yalifanya ukanda uliolikata bara katikati. Ili kuutambua mpaka wa ukanda huo, Oktoba 1961 Burkitt aliondoka Kampala kwa gari la mtumba akiwa na madaktari wawili, Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva, West Nile, na Cliff Nelson. Kwa majuma kumi walisafiri maili 10,000 hivi, wakapita Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi, wakizitembelea hospitali 57.

Matokeo yalikuwa ya wazi kuliko walivyotarajia. Afrika Mashariki ugonjwa haukuonekana juu ya kimo cha futi 5,000 hivi, yaani mita 1,500. Kadiri walivyoelekea kusini, ndivyo kimo hicho kilivyoshuka. Kilichokuwa kikiamua ni joto na mvua, si kimo chenyewe. Mahali penye baridi au ukame ugonjwa ulikosekana. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoongoza pia maisha ya mbu, na Alexander Haddow, mtafiti wa virusi wa Entebbe, aliliona hilo mapema. Mwaka 1964 Gilbert Dalldorf, aliyefanya utafiti Kenya, alitoa hoja kwamba malaria yenyewe ndiyo inayoandaa njia. Kisiwani Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepunguzwa, ugonjwa ulikuwa nadra, na jambo hilo likaipa hoja nguvu.

Mkoa wa Mara unaingia vema katika ramani hiyo. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwambao wote kutoka Shirati hadi Musoma na Bunda ni nchi ya joto, mvua na malaria ya mwaka mzima. Upande wa mashariki nyanda za juu za Tarime hupanda kuvuka mita 1,500, na hali ya hewa hubadilika ndani ya safari ya saa chache.

Virusi ndani ya seli

Wakati ramani ikichorwa, virusi vilikuwa vikitafutwa. Machi 1961 Burkitt alihutubia katika Hospitali ya Middlesex, London, na kati ya wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Baada ya hapo vinyama vya uvimbe vilianza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi maabara yake. Kwa miaka miwili hakupata kitu. Mwishoni mwa 1963 ndege iliyobeba kinyama kimoja ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu, na kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka kwa seli zilizojitenga zikiwa hai. Seli za namna hiyo Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, waliweza kuziotesha maabara na kuviona virusi kwa hadubini ya elektroni. Walichapisha matokeo mwaka 1964, na virusi vikaitwa Epstein-Barr.

Baadaye ilibainika kwamba karibu kila mtoto wa ukanda wa malaria huambukizwa virusi hivyo katika miaka ya mwanzo ya maisha, na wengi mno hawapati saratani. Utafiti wa West Nile, Uganda, ulioongozwa na Guy de Thé, ulichukua damu ya watoto 42,000 hivi na kusubiri. Watoto wachache waliougua baadaye walionekana kuwa na kingamwili nyingi za virusi hivyo tangu kabla ya uvimbe kuota. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978. Virusi vilikuwa sehemu ya jibu. Iliyobaki ilikuwa kuipima malaria, na kazi hiyo ikapelekwa Mara.

Vidonge vya North Mara

Miaka hiyo eneo la mkoa lilitajwa katika taarifa za utafiti kwa majina yaliyotoka utawala wa kikoloni: North Mara, ambayo ni Tarime pamoja na sehemu ambayo leo ni Wilaya ya Rorya, na South Mara, yenye makao yake Musoma, ambamo zimo Bunda na Butiama za leo. Hospitali iliyokuwa karibu na ugonjwa huu ilikuwa Shirati, karibu na mpaka wa Kenya, iliyokuwa chini ya misheni ya Wamennonite walioingia huko mwaka 1934. Daktari wake, Glen Brubaker, alifuatilia wagonjwa wa limfoma kwa utaratibu, akishirikiana na Anton Geser wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Walipitia wagonjwa wa North Mara wa miaka 1964 hadi 1970 ili kuona kama ugonjwa huzuka kwa makundi, mtoto mmoja baada ya jirani yake, kama ilivyodaiwa kuhusu West Nile. Makala waliyoichapisha mwaka 1973 pamoja na mtakwimu Malcolm Pike ilisema hapana: hawakupata ushahidi wa makundi ya namna hiyo. Jibu hilo lilikuwa na maana kwa wazazi. Ugonjwa haukuwa ukiruka kutoka nyumba hadi nyumba. Ulihitaji hali ya muda mrefu iliyowapata watoto wengi kwa pamoja, na malaria ndiyo iliyokuwa ya namna hiyo.

Mwaka 1977 likaanza jaribio lenyewe. Watoto wa chini ya miaka kumi wa North Mara waligawiwa vidonge vya klorokwini, dawa ya malaria, kwa vipindi, na ugawaji huo uliendelea hadi 1982. Hoja ilikuwa nyepesi kuieleza: kama malaria huchangia limfoma, basi malaria ikipunguzwa, limfoma nayo itapungua. Kulitekeleza jaribio lilikuwa jambo zito. Ilibidi kidonge kimfikie kila mtoto mahali alipo, kwa miaka mitano, akiwa mzima. Klorokwini ni chungu mdomoni na huwawasha watu wengi mwilini. Si rahisi kumshawishi mzazi ampe mtoto asiyeumwa dawa kama hiyo mara kwa mara ili kuzuia ugonjwa ambao huenda hajawahi kumwona nao mtoto yeyote. Carol MacCormack na George Lwihula walichunguza suala hilo na mwaka 1983 wakaandika kuhusu watu wa North Mara walioacha kushiriki. Makala yao ni ya thamani kwa sababu inawatazama wanakijiji kama watu wenye sababu zao, na si kama tarakimu zilizokosekana.

Vimelea vya malaria katika damu ya watoto vilipungua mara baada ya ugawaji kuanza, lakini kufikia 1979 vilikuwa vimerudi katika kiwango cha zamani. Katika miaka hiyohiyo usugu wa malaria dhidi ya klorokwini ulikuwa ukiingia Afrika Mashariki, na timu ya Mara, pamoja na mtafiti wa Kitanzania V. A. Kilimali, iliufuatilia hatua kwa hatua na kuchapisha matokeo katika jarida la Shirika la Afya Duniani mwaka 1985. Limfoma nayo ilishuka. Mwaka 1980 na 1981 ilifika kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa North Mara, wagonjwa 0.5 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Mwaka 1984, miaka miwili baada ya vidonge kusimamishwa, ilipanda hadi 7.1.

Ripoti kamili ya Geser, Brubaker na Charles Draper ilitoka mwaka 1989, na waandishi wake walikuwa waangalifu. Limfoma ilishuka na kupanda kama ilivyotarajiwa, lakini malaria yenyewe haikubaki chini muda wote wa jaribio, kwa hiyo uhusiano haukuweza kutangazwa kuwa umethibitishwa. Hata hivyo, North Mara inabaki mahali ambapo swali la malaria na limfoma lilijaribiwa kwa kuingilia kati, watoto wakipewa kinga, badala ya kulinganisha ramani na takwimu peke yake.

Mng'ao wa kwanza

Wakati vidonge vikigawiwa Mara, upande mwingine wa dunia ugonjwa uleule ulikuwa ukitazamwa ndani ya kromosomu. Huko Stockholm, George Klein wa Taasisi ya Karolinska alipokea kwa miaka kadhaa vinyama vya limfoma vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi na daktari Peter Clifford. Katika taasisi hiyohiyo Torbjörn Caspersson na Lore Zech walikuwa wamegundua kwamba kromosomu zikitiwa rangi ya kwinakrini na kumulikwa kwa mwanga wa zambarau, hung'aa kwa milia. Kila kromosomu ina milia yake, hivyo kipande kilichohama kinaweza kutambuliwa. Kwinakrini ndiyo mepakrini, dawa ya malaria iliyotumika sana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo dawa mbili za malaria zilifanya kazi katika historia ya limfoma hii: moja katika vijiji vya Tarime, nyingine katika maabara ya Sweden.

Mwaka 1972 Georgi Manolov na Yanka Manolova, watafiti kutoka Bulgaria waliokuwa wakifanya kazi Sweden, waliripoti kwamba kromosomu moja namba 14 katika seli za limfoma ya Burkitt ilikuwa na mlia wa ziada mwishoni. Mwaka 1976 Zech, Klein na wenzao walionyesha ulikotoka: ulikatwa kwenye kromosomu namba 8. Baadaye ikaonekana kwamba kwa wagonjwa wachache kipande cha namba 8 hubadilishana na namba 2 au 22. Mwaka 1982 makundi kadhaa ya Marekani, likiwamo la Carlo Croce na Riccardo Dalla-Favera na la Philip Leder, yaligundua jeni iliyokuwa kwenye mpasuko. Iliitwa MYC, nayo huiamuru seli kukua na kugawanyika. Kwenye kromosomu 14, 2 na 22 ndiko zilikokaa jeni za kingamwili, ambazo katika seli B hufanya kazi bila kupumzika. MYC ikihamia jirani nazo, nayo hufanya kazi bila kupumzika.

Hapo kuna tofauti inayofaa kuwekwa wazi. Katika saratani nyingine jeni mbili huungana na kuzaa protini moja mpya isiyokuwapo kwa mtu mzima wa afya. Mfano mashuhuri ni saratani sugu ya damu inayotokana na kromosomu ya Philadelphia, iliyoonekana mwaka 1960 na kuelezwa na Janet Rowley mwaka 1973 kuwa ni mabadilishano ya kromosomu 9 na 22. Jeni BCR na ABL huungana pale. Katika limfoma ya Burkitt protini ya MYC kwa kawaida haiunganiki na nyingine. Jeni hupata jirani mpya anayeiwasha kupita kiasi. Kwa mtazamaji wa kromosomu, hata hivyo, aina zote mbili ni jambo moja: sehemu mbili zilizokuwa mbali zimekutana, au sehemu mbili zilizokuwa pamoja zimeachana.

Jinsi probu zinavyofanya kazi

Milia ya kwinakrini ilihitaji seli hai zinazogawanyika, na mtazamaji mzoefu. Njia ya kulenga jeni yenyewe ilianza mwaka 1969, pale Joseph Gall na Mary-Lou Pardue wa Chuo Kikuu cha Yale walipoonyesha kwamba kipande cha asidi ya kiini kilichowekewa alama kinaweza kumtafuta mwenzake ndani ya seli iliyotandazwa kwenye kioo na kunata naye. Alama za wakati huo zilikuwa za mionzi, na picha yake ilichukua muda mrefu kutokea. Mwaka 1980 J. G. J. Bauman na wenzake wa Leiden, Uholanzi, walitumia rangi inayong'aa badala ya mionzi. Mwaka 1981 kundi la David Ward huko Yale lilitengeneza herufi za DNA zilizofungiwa biotini, ambayo inaweza kubebeshwa rangi. Mwaka 1986 Daniel Pinkel, Tore Straume na Joe Gray wa California walieleza mbinu iliyoweza kutumika kwa wingi, na mwaka 1990 kundi la Gray lilionyesha muungano wa BCR na ABL kwa probu za rangi mbili. Tangu hapo mbinu hiyo imeingia katika patholojia ya kila siku.

Hatua zake kwa mgonjwa wa limfoma ni hizi. Kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe huwekwa kwenye formalini, kisha hugandishwa ndani ya nta. Fundi wa maabara hukata ukanda mwembamba wa maikromita nne hivi na kuulaza kwenye slaidi. Nta huondolewa, kimeng'enya hulainisha protini zinazoizuia probu kupenya, na slaidi hupashwa moto wa nyuzi 70 na zaidi hadi nyuzi mbili za DNA ziachane. Probu humwagiwa juu yake, kifuniko hubandikwa kando kwa gundi isikauke, na slaidi hulala usiku kucha katika nyuzi 37, joto la mwili wa binadamu. Asubuhi huoshwa ili probu zisizonata ziondoke, viini hutiwa rangi ya bluu, na slaidi hutazamwa katika chumba chenye giza.

Kwa MYC probu mbili huwekwa, nyekundu upande mmoja wa jeni na kijani upande wa pili. Jeni ikiwa nzima, rangi hizo hukaribiana kiasi cha kuonekana njano. Seli yenye afya ina nukta mbili za njano, moja kwa kila kromosomu namba 8. Jeni ikikatika, nukta moja ya njano hubaki, na ya pili hugawanyika kuwa nyekundu na kijani zilizoachana. Ipo pia njia ya kinyume, ambamo probu nyekundu huwekwa kwenye MYC na ya kijani kwenye jeni ya kingamwili ya kromosomu 14. Hapo njano ndiyo dalili ya ugonjwa, kwa maana rangi zilizopaswa kuwa mbali zimekutana. Mtazamaji huhesabu viini mia moja au mia mbili kabla ya kutoa majibu, kwa kuwa kiini kimoja kilichokatwa vibaya na kisu kinaweza kudanganya.

Kwa nini probu hufaa kwa limfoma ya Afrika

Kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani mpasuko mara nyingi huwa ndani ya MYC au karibu yake kabisa. Kwa wagonjwa wa ukanda wa malaria mpasuko hutawanyika mbali na jeni, na mwaka 1992 Stefan Joos na wenzake walionyesha kwamba umbali huo unaweza kufikia mamia ya maelfu ya herufi za DNA. Kipimo cha kawaida cha kukuza DNA husoma eneo fupi tu, kwa hiyo hakiwezi kuukamata mpasuko usiojulikana ulipo. Probu hazijali umbali huo kwa kiasi kikubwa: zikiwekwa pembeni pa eneo pana, zitaonekana zimeachana popote kati yake panapokatika. Hiyo ndiyo sababu limfoma ya watoto wa Ziwa Victoria, kuliko ya watoto wa London, inahitaji probu.

Tofauti hiyo ya mpasuko iliwarudisha watafiti kwenye malaria. Kimeng'enya kiitwacho AID hukata DNA ya seli B kwa makusudi, ili seli iweze kutengeneza kingamwili bora. Kikifanya kazi kupita kiasi hukata na pasipotakiwa. Mwaka 2004 Almudena Ramiro na wenzake walionyesha kwa panya kwamba bila AID mabadilishano ya MYC hayatokei. Mwaka 2014 na 2015 tafiti nyingine zilionyesha kwamba vimelea vya malaria huchochea AID katika seli B, na kwamba panya wenye maambukizi ya muda mrefu hupata mipasuko mingi zaidi. Kwa maelezo hayo, virusi huziweka seli B hai, malaria huzilazimisha zigawanyike na kukata DNA zao tena na tena, na mara moja kati ya mamilioni mkato huangukia MYC. Utafiti mkubwa wa EMBLEM, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania kuanzia 2010 hadi 2016, ulifika pia Kanda ya Ziwa, Mkoa wa Mara ukiwamo. Matokeo yake yameimarisha hoja hiyo, yakiwamo yale ya kwamba watoto wenye vinasaba vya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, ambavyo huwakinga na malaria kali, hupata limfoma hii kwa nadra zaidi.

Huduma katika Mara na Kanda ya Ziwa

Mwaka 1999 Mwalimu Julius Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba kwa saratani ya damu, akazikwa Butiama. Hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Kwangwa, Musoma, ina jina lake. Kwa saratani za watoto na zile zinazohitaji vipimo vya ndani, rufaa za mkoa huelekea Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, au Dar es Salaam, kwenye Hospitali ya Taifa Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mtoto wa Kitaji au Nyasho mjini Musoma hupita Bunda, Lamadi na Magu, zaidi ya kilomita 200, kabla ya kufika Bugando. Kwa uvimbe unaoongezeka maradufu kwa siku mbili, kila juma la kusubiri nauli, kinyama au majibu ni sehemu ya ugonjwa.

Probu zenyewe zina masharti yake. Huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, huisha muda, huhitaji hadubini ya mwanga maalumu na mtu aliyefunzwa kuzisoma. Na kinyama kilichokaa vibaya kwenye formalini hakisomeki hata kwa probu bora. Kwa hiyo wanapatholojia wengi wa Afrika Mashariki huanza na sura ya seli na vipimo vya protini zake, kisha hutumia probu panapowezekana. Nukta zilizoachana peke yake hazitoshi pia, kwa sababu limfoma nyingine za watu wazima zinaweza kuwa na MYC iliyokatika. Njia mpya imejaribiwa na watafiti wa Muhimbili, Hospitali ya Mt. Maria Lacor ya Gulu, na Chuo Kikuu cha Oxford: kutafuta vipande vya DNA ya uvimbe, pamoja na mpasuko wake, katika damu ya kawaida, ili mtoto asilazimike kusubiri upasuaji.

Tiba ya ugonjwa ilianza mapema kuliko vipimo hivi. Miaka ya 1960 Burkitt mwenyewe alionyesha kwamba uvimbe huyeyuka kwa dawa kama methotreksati na siklofosfamidi, na mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilichofunguliwa Kampala chini ya John Ziegler kikawa mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Upande wa kinga, Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 na baadaye ikaingia kwenye dawa ya mseto; vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa kuta vimefika vijiji vya Mara. Kila mtoto anayekingwa na malaria anapunguziwa pia nafasi ya mkato ule katika kromosomu namba 8, na anayeugua ana haki ya kuupata uhakika wa ugonjwa wake kwa haraka. Wazazi wa North Mara waliwapa watoto wao vidonge vichungu ili swali la malaria na limfoma lijibiwe; kuvileta vipimo vya ugonjwa huu hadi Mwanza na Musoma ni sehemu ya deni la sayansi kwao.